Sura ya Saba: Boneti Iliyoshushwa

Inspekta Nereah Odoyo aliikata filta ya oili kwa msumeno wa chuma, taratibu, asije akaichana karatasi ya ndani. Konstebo Nyasani aliishikilia kwa mikono miwili juu ya kisiki nyuma ya kituo. Kopo lilipoachana vipande viwili, unga wa chuma ulidondoka kwenye viatu vyao. Hakuna kingine kilichodondoka.

Nereah aliivuta karatasi nje, akaisugua kwa kidole gumba, kisha akakitazama kidole. Kilikuwa safi.

"Kavu," Nyasani alisema.

"Kavu. Oili haijapita hapa hata siku moja."

"Basi ile habari ya oili feki?"

"Haipo tena. Huwezi kutia oili mbovu kwa injini na filta ibaki hivi. Hawakutia oili yoyote."

Nyasani alikuna shingo. Habari ya oili feki ndiyo iliyokuwa midomoni mwa kila mtu tangu Jumamosi. Watu wa senta, pale madukani, hawangoji upelelezi. Gari la Manasseh, muuza ndizi, lilitengenezwa Ijumaa, likanoki na kuzima Jumamosi asubuhi katikati ya mlima wa Manga, na ndani yake alikuwamo mkewe Kwamboka akipelekwa Kisii kujifungua. Alijifungua kwenye nyasi kando ya barabara, akina mama waliokuwa wakienda kanisani wakimzungushia lesso zao. Mtoto alipona. Mama alivuja damu, na gari lingine lilipopatikana hakuwa na haja nalo. Kufikia jioni senta nzima ilikuwa imeshamjua mkosaji. Ni Ouma, fundi msaidizi, mtu wa kutoka upande wa ziwa. Walisema aliiuza oili nzuri na kutia ile iliyokwisha kutumika.

Ouma mwenyewe alikuwa matangani kwao Rangwe. Aliporudi leo Jumatatu alikamatwa akiwa bado na begi mgongoni. Kesho asubuhi alikuwa afikishwe kortini kwa kuua bila kukusudia, na mwenye nyumba waliyokodi alikuwa ameshamwambia mke wa Ouma, Sheryl, atafute pengine pa kulala.

Nereah naye kwao ni upande wa ziwa. Hilo lilikuwa limesemwa pia, tena si kwa kunong'ona. Mkuu wa kituo alimwita ofisini asubuhi hiyo akamwambia kwa upole unaouma kuliko matusi, "Madam, ukimwachilia huyu kijana, uwe na sababu ambayo hata mama ya marehemu ataielewa." Nereah aliitika tu. Alikuwa amechoka kukasirika, na hasira haijawahi kumsaidia kufungua kesi hata moja.

Waliliendea gari. Lilikuwa pikapu nyeupe ya zamani, limeegeshwa kando ya mkaratusi kama lilivyoburutwa Jumapili. Nyasani alishika mpini wa mlango wa abiria akavuta. Mlango haukufunguka. Akavuta tena kwa mikono miwili, akaweka na mguu.

"Umekwama huu."

"Zunguka upande wa dereva."

Boneti nayo ilikuwa na vituko vyake. Chuma cha kuishikilia kilikuwa kimekatika zamani, kimebaki kipande kifupi chenye kutu. Nyasani alipekua nyuma ya viti kutafuta kitu cha kuitegemeza. Alipata jeki, gunia lenye majani makavu ya migomba, na chini ya gunia, upande wa abiria, kijiti cha mpera kilichomenywa maganda vizuri, urefu wa mkono wa mtu, ncha moja nyeusi kwa grisi.

"Hiki hapa. Wamekitengeneza makusudi."

Kijiti kilikaa sawasawa, boneti ikatulia juu. Nereah alichomoa dipstiki, chuma cha kupimia oili, akaifuta, akaichovya, akaichomoa tena. Hamna kitu. Alilala chali juu ya gunia, akaingia chini ya gari na tochi ya simu. Nati ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa imekazwa, na pembeni yake palikuwa pakavu. Oili haikuvuja njiani. Ilikuwa imemwagwa mpaka ikaisha, nati ikarudishwa, filta mpya ikafungwa, na kazi ikaishia hapo.

Akatoka chini ya gari, akajipangusa magoti. "Sasa swali ni moja tu, Nyasani. Nani alisema hii gari iko tayari?"

*

Ouma alisimama alipomwona akikaribia mlango wa seli. Alikuwa kijana mrefu, mikono yake bado na weusi wa gereji ambao hautoki kwa sabuni. Alianza kwa Kijaluo. "Nyaminwa," alimwita, dada yetu.

"Zungumza Kiswahili," Nereah alimkata. "Nataka kila mtu hapa asikie ninachosikia."

Ouma aliangalia chini. "Sawa, madam."

"Ijumaa ulikuwa wapi jua likizama?"

"Njiani, naenda nyumbani. Mjomba wangu alikuwa anazikwa. Nilitoka mapema."

"Ulimwambia bosi wako Machogu?"

"Nilimwambia asubuhi. Alikuwa chini ya gari. Nikamwambia, mzee, leo natoka mapema, kuna matanga. Akasema sawa."

"Na ile pikapu ya Manasseh?"

"Sikuigusa. Nilitoka kabla hajaanza kuimwaga oili." Alishika vyuma vya mlango. "Madam, kila Ijumaa ni mimi namaliza. Yeye ni Msabato, mimi ni Katoliki. Jua likizama yeye anaenda, mimi nabaki kufunga kazi. Siku moja tu sikuwa. Hiyo moja."

"Ungekuwa wewe unamaliza, ungefanya nini?"

Ouma alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Namimina oili mpya. Nawasha bila kukanyaga mafuta. Filta ya hiyo gari inalala upande, huwezi kuijaza kwanza, itamwagika, kwa hivyo inafungwa kavu. Lazima injini ikae taratibu mpaka oili ijaze filta na izunguke kila mahali. Halafu nazima, nangoja ishuke, napima tena, naongeza ile filta imekunywa. Ndio nashusha boneti."

"Boneti ndiyo ya mwisho."

"Kwetu hapo boneti ni ya mwisho. Boneti ikiwa juu, gari haijaisha. Hata kama imebaki kitu kidogo. Mzee anasema usiamini mdomo ya fundi, amini boneti."

Nereah aligeuka kuondoka. Nyuma yake Ouma aliuliza kwa sauti ndogo kama Sheryl amepata mahali. Nereah alisema hajui, kwa sababu kweli hakujua.

*

Gereji ya Machogu ilikuwa uwanja wa changarawe ya murram kando ya barabara, chini ya mlima, uzio wa mabati pande tatu na upande wa nne kibanda cha chai cha Purity. Hakuna gari lililokuwa likitengenezwa. Machogu alikuwa ameketi kwenye tairi, mikono juu ya magoti, nguo zake za kazi safi. Mtu mzima, kichwa cheupe nusu, mzee wa kanisa. Alisimama kumpa Nereah mkono, akakaa tena.

"Ulimwaga oili Ijumaa wewe mwenyewe?"

"Mimi."

"Na filta?"

"Mimi. Nilipaka mpira wa gasketi mafuta kidogo, nikafunga kwa mkono."

"Halafu?"

"Jua likazama, madam."

Machogu alionyesha kwa kidevu kontena lililokuwa wazi nyuma yake. Kwenye rafu ya kwanza lilikaa dumu la oili, muhuri wa kifuniko chake haujakatwa.

"Ile pale ndiyo oili ya Manasseh. Aliileta mwenyewe. Alisema nitengeneze vizuri, bibi yake amekaribia."

"Kuitia kungekuchukua muda gani?"

"Kidogo tu."

"Na hukuitia."

"Sabato ilikuwa imeingia." Hakulisema kwa kujivuna wala kwa kujitetea. "Ng'ombe akianguka kwa shimo siku ya Sabato, unamtoa. Hiyo imeruhusiwa, imeandikwa. Mimi niliangalia hiyo oili na sikuona ng'ombe. Niliona kazi. Nikajua Ouma atarudi aimalize."

"Ouma alikwambia anaenda matanga. Ulimjibu sawa."

Machogu alifumba macho. "Nikiwa chini ya gari nasema sawa kwa kila kitu."

Nyasani alikohoa. Nereah aliendelea. "Uliacha boneti ikiwa wapi?"

"Juu. Hiyo naapa, na mimi si mtu wa kuapa. Niliiweka na ile fimbo yao ya mpera. Nikafunga mlango ya dereva, nikampa Purity funguo, nikaenda."

"Mvua ilikuwa inanyesha?"

"Ilikuwa inakuja. Ilinipata kwa barabara."

Nereah alivuka uwanja hadi kwenye kibanda. Purity alikuwa amesikia kila neno, maana kuta za kibanda chake zilikuwa za mbao zilizoachana. Alikuwa ameshamimina chai vikombe viwili kabla hawajakaa.

"Mimi nawekewa funguo kwa sababu sifungi Sabato," alianza bila kuulizwa. "Watu wanakuja Jumamosi kuchukua magari. Boneti ikiwa juu, madam, hata uje na mkuu wa kituo sikupi. Ikiwa chini nakupa."

"Jumamosi ilikuwa chini."

"Chini kabisa. Manasseh alikuja na pikipiki anahema, akasema Kwamboka ameshikwa na uchungu. Nikachungulia, nikaona boneti iko chini. Ningemnyima aje?" Aliifuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

"Alipochukua funguo alifanya nini? Alizunguka gari? Aliokota kitu?"

"Hakuzunguka. Alifungua, akapanda, akawasha, akaenda. Hata asante sikumpa nafasi ya kusema, nilimwambia kimbia."

"Na Ijumaa mvua ikinyesha, uliona mtu kwa lile gari?"

"Sikuona. Mvua ya hapa ikianza, mimi nateremsha turubai upande huo, huoni gereji wala barabara. Aliyepita hapa kwangu ni Kwamboka tu, alikuwa anatoka kwa cherehani yake. Alikaa hapo ulipokaa, akangoja ipungue." Purity alitazama benchi. "Alikuwa amelowa mpaka mgongoni, na mwavuli ako nao, umefungwa, ameuweka kwa kwapa. Nikamwambia, mama, wewe na hiyo tumbo, mwavuli ni wa kubeba? Akacheka. Akasema mikono ilikuwa na kazi."

Nyasani alikuwa akipuliza chai yake. Nereah aliweka kikombe chini bila kunywa.

"Kazi gani?"

"Sikuuliza."

*

Walirudi katikati ya uwanja, pale pikapu ilipokuwa imesimama Ijumaa. Alama za matairi zilikuwa bado zinaonekana kwenye murram uliokauka. Nereah alitembea akiinamia ardhi, akapita upande wa mbele, akapita pembeni, akafika hadi uzioni.

"Unatafuta nini, madam?" Nyasani aliuliza.

"Kijiti ambacho kingekuwa hapa."

"Si tumekiacha kituoni?"

"Ndiyo maana." Alinyooka. "Wewe unapita kwa njia, mvua inakuja, unaona gari la mtu liko wazi. Unataka kumsaidia. Unatoa fimbo, unashusha boneti. Fimbo unaifanyia nini?"

"Naitupa hapo. Au naiweka juu ya gari."

"Kila mtu angefanya hivyo. Lakini tumeikuta nyuma ya kiti, chini ya gunia, mahali pake. Manasseh hakuirudisha, Purity alimwona akipanda na kuondoka. Mlango wa dereva ulikuwa umefungwa na funguo ziko kibandani. Kwa hivyo iliingilia mlango wa abiria."

"Ule haufunguki, madam. Si uliniona?"

Nereah alimwita Machogu. Mzee alikuja polepole.

"Mlango wa abiria wa ile pikapu. Nani anaweza kuufungua?"

"Huo? Umenishinda mimi." Machogu alionyesha kwa mikono mitupu. "Nilitaka kuutengeneza, Manasseh akasema achana nao, hakuna mwizi atauweza. Yeye mwenyewe huzunguka. Lazima uinue hivi halafu unapiga na nyonga, na kuna mahali yake, ukikosa kidogo inakataa. Ni bibi yake tu—"

Mkono wake ulibaki hewani, umeinua mpini ambao haukuwepo.

Nyasani alimsogelea Nereah. "Madam. Pengine Manasseh ndiye alimwambia aende ashushe. Pengine alikuwa na lake. Mwanamume anaweza—"

"Anayejua gari halina oili hawezi kuliendesha kupanda Manga akiwa na mkewe na mtoto wake ndani. Aliyeishusha boneti hakujua kitu. Alikuwa anaikinga na mvua." Alitoa kalamu, akaitazama, akairudisha mfukoni. "Twende kwa Manasseh."

Machogu aliomba kuja nao. Nereah alimkatalia. Mzee alirudi kwenye tairi lake, akaketi, na walipotoka barabarani alikuwa bado anatazama pale pikapu ilipokuwa.

*

Nyumbani kwa Manasseh palikuwa na viti vya plastiki uani, na wanawake walikuwa wameketi chini ya paa la jikoni wakimenya ndizi za kupikia waombolezaji. Kati yao alikuwa mama yake Kwamboka, Nyamusi, mwanamke mfupi aliyefunga kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa akimenya kama wengine. Kisu chake hakikusimama gari la polisi lilipoingia.

Manasseh aliwatoa Nereah na Nyasani uani, akawapeleka nyuma ya nyumba, mahali alipozoea kuegesha. Hapo hapakuwa na nyasi, kulikuwa na mafuta meusi kidogo yaliyokauka ardhini, na mpera mmoja mdogo karibu na ukuta. Uso wake haukuwa na huzuni wala hasira. Ulikuwa umeganda. Alijibu kila alichoulizwa kama anasoma.

"Pole sana, Manasseh."

"Asante, madam."

"Mtoto anaendeleaje?"

"Ako Kisii. Dada yangu ako na yeye. Wanasema anakunywa maziwa vizuri."

"Ulipowasha gari Jumamosi, taa ya oili iliwaka?"

"Iliwaka. Inawaka toka ninunue. Yote inawaka, hata ya mlango."

"Injini ilianza kugonga wapi?"

"Sijui."

"Hukuisikia?"

"Ilikuwa inagonga. Lakini yeye alikuwa analia. Mimi nilikuwa nasikiliza yeye."

Nereah hakuandika hilo. Upande wa uani ndizi iliyomenywa ilidondoka kwenye sufuria ya maji, na nyingine.

"Ule mpera," Nereah alisema. "Ndio mlikata ile fimbo ya boneti?"

"Ndio."

"Nani aliirudisha nyuma ya kiti Ijumaa?"

Manasseh aliutazama mpera, kisha mafuta meusi ardhini, kisha viatu vya Nereah.

"Si wewe," Nereah alisema.

"Si mimi."

"Alikwambia?"

"Alinambia. Tukiwa kwa barabara, kabla ya mlima. Uchungu ulikuwa umemwacha kidogo. Akasema, hao mafundi wako ni bure kabisa, waliacha gari yako wazi kwa mvua. Mimi ndio nilikufungia. Alikuwa anacheka."

"Ukasema nini?"

"Nikasema asante."

Nyasani aligeuka akatazama ukuta. Nereah alibaki mahali pake. Aliuliza swali lililofuata kwa sababu ndilo lililofuata.

"Ulijua boneti ikiwa juu kwa Machogu inamaanisha nini?"

"Kila dereva anajua. Yeye si dereva. Pale kwa gari akiniambia sikufikiria, kichwa yangu ilikuwa hospitali. Injini iliposhika ikazima, nikafungua boneti, nikaishikilia na bega, nikachomoa dipstiki, ndipo nikaelewa. Nikiwa nimesimama hapo nayo kwa mkono." Alifungua kiganja, akakifunga. "Yeye hakuelewa, madam. Aliniuliza imefanya nini, nikasema sijui. Alikufa hajui. Nilitaka ibaki hivyo."

"Ouma yuko seli."

"Najua."

"Ulijua hana kosa."

"Toka Jumamosi."

"Kesho anapelekwa kortini. Mkewe anafukuzwa kwenye nyumba. Unajua hilo pia?"

Manasseh alitikisa kichwa polepole, kwamba la pili hakulijua. "Nikisema, watasema ni yeye alijiua. Watasema hapo kwa mazishi, watarudia kwa soko, kwa kanisa. Mtoto wangu ataenda shule aambiwe mama yako alikufa juu ya kufunga boneti. Ouma atatoka siku moja. Yeye hatatoka."

"Ouma anaweza asitoke kwa miaka."

"Andika basi. Andika ni mtu hajulikani."

"Nikiandika hajulikani, hakimu atauliza nani, na senta nzima itajibu Ouma. Umewasikia." Nereah alisema hayo bila ukali. Alimwonea huruma mtu huyu, na huruma hiyo haikubadilisha kitu. "Siwezi kumtoa bila wewe. Purity hakuona. Machogu hakuona. Ni wewe tu uliyeambiwa."

Wingu lilikuwa limeshuka juu ya Manga kama kila alasiri, na upepo ulianza kupindua majani ya migomba. Nyasani aliangalia juu, akaangalia gari lao, akaacha kuangalia.

Kisha Manasseh aliwapita, akazunguka nyumba, akaenda uani. Nereah na Nyasani walimfuata. Alisimama mbele ya wanawake wenye ndizi akaanza kuzungumza Ekegusii, mikono imelala pembeni, sauti ile ile ya mtu anayesoma. Nereah hakuelewa lugha. Alisikia jina la Ouma. Alisikia Kwamboka, akasikia tena. Wazee waliokuwa kwenye viti walinyamaza mmoja mmoja, na visu vya wanawake vikasimama. Alipomaliza, hakukaa na hakuondoka.

Hakuna aliyelia. Mwanamke mmoja aliweka kiganja mdomoni. Wote walikuwa wakimtazama Nyamusi.

Mama yake Kwamboka aliishikilia ndizi iliyomenywa nusu. Aliitazama kana kwamba hakumbuki ni ya nini. Kisha alisema maneno machache, si kwa Manasseh hasa, akaishia hapo.

"Anasema nini?" Nereah alimnong'oneza Nyasani.

"Anasema alikuwa hivyo toka akiwa mdogo. Mvua ikianza, yeye anakimbia kufunika vitu. Mahindi, kuku, nguo kwa kamba. Hata vya majirani. Anasema walikuwa wanamchapa, arudi ndani asilowe."

Matone ya kwanza yalipiga mabati. Nyamusi alimalizia ndizi yake, akaitia kwenye sufuria, akavuta kifuniko akaifunika. Kisha akainua uso, akamwambia Manasseh neno moja, na hilo Nereah alilielewa bila kutafsiriwa, kwa sababu mkono wa mama ulikuwa umeelekea gari la polisi.

Manasseh alichukua koti lake kwenye kiti. "Twende, madam," alisema. "Tukamtoe."